Green Bay Packers: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu klabu ya NFL inayomilikiwa na mashabiki wake

Maswali haya huulizwa na watu wanaoanza kuifuatilia NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani (American football), wakakutana na jina la Green Bay na kushangaa. Ligi ina klabu 32. Karibu zote ziko katika miji mikubwa na ni mali ya mabilionea. Moja tu iko katika mji mdogo wa viwanda vya karatasi, na wenye hisa wake ni zaidi ya watu 500,000. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hadithi yenyewe ni ndefu.

Green Bay ni wapi?

Ni mji wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, kwenye ghuba ya Ziwa Michigan. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 107,000 hivi. Milwaukee, jiji kubwa la jimbo hilo, liko umbali wa karibu kilomita 190 kusini. Majira ya baridi ni makali kweli, na hilo lina sehemu yake katika historia ya klabu, kama utakavyoona.

Klabu ilianzaje, na jina "Packers" lilitoka wapi?

Tarehe 11 Agosti 1919 vijana wa mji walikutana katika ofisi za gazeti la Green Bay Press-Gazette. Walioitisha kikao ni wawili: Earl Lambeau, maarufu kwa jina la Curly, na George Whitney Calhoun, mwandishi wa habari za michezo. Lambeau alikuwa karani katika kampuni ya kusindika nyama, Indian Packing Company. Alimwomba mwajiri wake fedha za jezi, akapewa dola 500 kwa sharti kwamba timu ibebe jina la kampuni. Kampuni hiyo ilinunuliwa na nyingine muda mfupi baadaye, hiyo nyingine nayo ikafa, lakini jina halikubadilishwa.

Msimu wa kwanza walishinda michezo 10 na kupoteza mmoja, dhidi ya Beloit. Walicheza na timu za miji ya jirani, mashabiki wakisimama kando ya uwanja na kofia ikipitishwa ya kuchangia. Mwaka 1921 waliingia katika ligi ya kulipwa, ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina la NFL.

Ni kweli waliwahi kufukuzwa ligi?

Ndiyo, na mapema sana. Mwishoni mwa 1921 waliwachezesha wanafunzi wa chuo kwa majina ya uongo. Ilipogundulika, wakanyang'anywa nafasi yao. Katikati ya 1922 Lambeau alirudi kwa wakuu wa ligi, akaomba nafasi hiyo na kuilipia upya. Makosa ya aina hiyo yalikuwa ya kawaida miaka ile, kwa hiyo adhabu haikudumu.

Ni kweli klabu haina tajiri mwenye nayo? Ilikuwaje?

Ni kweli. Haikupangwa hivyo tangu mwanzo. Ilitokana na shida.

Msimu wa 1922 mvua iliwakosesha watazamaji. Klabu ilikuwa imekata bima ya mvua, lakini inasimuliwa kuwa mvua iliyopimwa siku ile ilipungua sehemu moja ya mia ya inchi kufikia kiwango cha kulipwa. Mchezo uliofuata, dhidi ya timu ya Duluth, nao ukanyeshewa. Lambeau alitaka kuufuta. Andrew Turnbull, aliyekuwa akiliendesha gazeti la Press-Gazette, akamwambia acheze na kwamba fedha zitatafutwa. Turnbull aliwakusanya wafanyabiashara wa mji, na mwaka 1923 klabu ikageuzwa kuwa shirika lisilogawa faida. Hisa 1,000 ziliuzwa kwa dola 5 kila moja, na mnunuzi alilazimika kununua pia tiketi za msimu.

Tangu hapo, kila mara klabu ilipokaribia kufa, wananchi waliingiza mikono mifukoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 shabiki mmoja alianguka kutoka kwenye jukwaa, akashtaki, mahakama ikamwamulia fidia ya dola 5,000. Kampuni ya bima ilikuwa imeshafilisika, na klabu ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Uuzaji wa hisa wa 1935 uliingiza dola 15,000 na kuikwamua.

Mwaka 1950 hali ilikuwa mbaya zaidi. Hisa ziliuzwa kwa dola 25, na mtu mmoja hakuruhusiwa kuwa na zaidi ya hisa 200, asije akajitokeza mwenye fedha akaimeza klabu. Katika kumbukumbu za mwaka huo kuna mwanamke aliyetoka shamba karibu na Wrightstown, akafika ofisini na kisanduku cha kiberiti. Ndani yake mlikuwa na sarafu za robo dola zenye thamani ya dola 25. Alinunua hisa yake moja. Zilikusanywa zaidi ya dola 118,000 kwa njia hiyo, na nyingi zilitoka kwa watu wa kipato cha kawaida. Kwangu mimi, huyo mama ana sehemu katika historia ya klabu hii sawa na kocha yeyote.

Mauzo ya karibuni ni matatu. Ya 1997 hadi 1998 yaliingiza zaidi ya dola milioni 24. Ya 2011 hadi 2012 na ya 2021 hadi 2022 yaliingiza zaidi ya dola milioni 60 kila moja. Haya hayakuwa ya kuiokoa klabu. Yale ya 2011 na 2021 fedha zake ziliingia katika ujenzi na ukarabati wa uwanja.

Mwenye hisa anapata nini?

Kifedha hapati chochote. Hisa haina gawio, haipandi bei, na hairuhusiwi kuuzwa kwa mtu mwingine. Haikupi hata nafasi ya mbele kwenye foleni ya tiketi. Unapewa cheti, haki ya kupiga kura kuwachagua wajumbe wa bodi, na mwaliko wa mkutano mkuu wa kila mwaka, ambao kwa kawaida hufanyika Julai uwanjani kwao. Hapo rais wa klabu anasoma hesabu mbele ya maelfu ya wenye hisa.

Na siku klabu ikiuzwa, fedha hazigawanywi kwa wenye hisa. Kwa miongo mingi katiba ilisema ziende kwa tawi la mji huo la chama cha maveterani wa vita. Tangu 1997 zimeelekezwa kwenye mfuko wa hisani wa klabu. Hivyo hakuna mtu duniani atakayetajirika kwa kuiuza Packers, na ndiyo maana hakuna anayetaka kuiuza.

Wasomaji wa Tanzania huuliza kama huu ni uanachama wa aina ya Simba na Yanga. Unafanana kwa kuwa klabu ni ya watu na viongozi wanapigiwa kura. Lakini Simba na Yanga wamejadili na kupitisha mfumo wa wanachama kubaki na asilimia 51 na mwekezaji kupata hadi 49. Green Bay haina mwekezaji wa asilimia yoyote.

Kwa nini miji mingine haiigi mfumo huu?

Kanuni za NFL zinakataza. Klabu inatakiwa iwe na wamiliki wachache wanaojulikana, na mmoja wao awe na sauti ya mwisho. Packers waliachwa kama walivyo kwa sababu mfumo wao ulikuwapo kabla ya kanuni hiyo. Naona ni hasara kubwa kwa mashabiki wa miji kama Oakland, St. Louis na San Diego, ambao wameshuhudia timu zao zikihamishwa na wenye mali bila wao kuulizwa.

Lakini mji wa watu 107,000 unawezaje kushindana kifedha na New York?

Jibu liko kwenye televisheni. Mwaka 1961 kamishna wa ligi, Pete Rozelle, aliwashawishi wamiliki wauze haki za matangazo kwa pamoja na kugawana sawa, na Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuruhusu hilo. Klabu za New York na Chicago, ambazo zingepata mamilioni zaidi kwa kujitegemea, zilikubali. Bila makubaliano yale, Packers wangekufa au kuhama kama zilivyokufa timu nyingine za miji midogo za miaka ya 1920.

Ukitaka kujua mgawo huo ni kiasi gani, hesabu za Packers ndizo zinazokuonyesha. Kwa kuwa ni mali ya wananchi, hii ndiyo klabu pekee ya NFL inayotangaza hesabu zake kila mwaka. Ripoti ya 2024 ilionyesha mgawo wa zaidi ya dola milioni 400 kwa kila klabu.

Curly Lambeau alikuwa nani hasa?

Mwanzilishi, mchezaji na kocha kwa pamoja. Alifundisha hadi 1949 na kutwaa mataji 6: 1929, 1930, 1931, 1936, 1939 na 1944. Wakati timu nyingi zikisukumana katikati ya uwanja, yeye alipenda mpira urushwe mbele. Mwaka 1935 akampata Don Hutson, kijana mwembamba mwenye mbio kutoka Chuo Kikuu cha Alabama. Katika mchezo dhidi ya Chicago Bears msimu huo, mara ya kwanza tu Packers walipoushika mpira, Arnie Herber alimrushia Hutson na akakimbia nao hadi mwisho: yadi 83. Mchezo ukaisha 7-0. Hutson alistaafu 1945 akiwa amefunga tachidauni (kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani) 99 kwa kudaka, rekodi iliyodumu hadi 1989.

Mwisho wa Lambeau haukuwa mzuri. Mwaka 1946 alinunua jumba la kifahari nje ya mji, Rockwood Lodge, liwe kambi ya timu. Wajumbe wa bodi waliona ni ufujaji, ugomvi ukakua, na timu ikaanza kufungwa ovyo: msimu wa 1949 ilishinda michezo 2 na kupoteza 10. Januari 1950 jumba liliungua moto. Siku chache baadaye Lambeau alijiuzulu na kwenda Chicago Cardinals. Fedha za bima ya jumba hilo zilisaidia kulipa madeni ya klabu.

Kwa nini kombe la Super Bowl, mchezo wa mwisho wa kuamua bingwa, linaitwa Vince Lombardi?

Kwa sababu ya miaka 9 aliyokuwa kocha wa Green Bay. Mwaka 1958 timu ilishinda mchezo mmoja tu, ikatoka sare mmoja na kupoteza 10. Ilikuwa aibu ya ligi. Bodi ikamwajiri Lombardi, mzaliwa wa Brooklyn, msaidizi wa kocha wa New York Giants. Hakuwahi kuwa kocha mkuu katika ligi hiyo. Msimu wake wa kwanza alishinda 7 na kupoteza 5. Wa pili alifika fainali akafungwa na Philadelphia Eagles 17-13, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho kupoteza mchezo wa mtoano. Akachukua ubingwa 1961, 1962, 1965, 1966 na 1967, pamoja na Super Bowl mbili za kwanza: dhidi ya Kansas City Chiefs 35-10 na dhidi ya Oakland Raiders 33-14.

Hakuwa na siri. Mbinu yake kubwa ilijulikana na kila mpinzani. Wazuiaji wawili wa mstari wa mbele, Jerry Kramer na Fuzzy Thurston, walitoka kwenye nafasi zao na kukimbilia pembeni, wakisafisha njia, na nyuma yao akaja Paul Hornung au Jim Taylor na mpira mkononi. Walirudia mchezo huo huo mazoezini mpaka kila mtu akajua aweke mguu gani wapi kulingana na anavyosogea mlinzi aliye mbele yake. Wapinzani waliujua na bado walishindwa kuuzuia.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Hakuvumilia ubaguzi wa rangi kwenye timu yake, wakati ambapo wachezaji weusi walipata taabu hata kupata nyumba ya kupanga Green Bay. Aliwaambia wenye baa na mikahawa ya mjini kwamba mahali ambapo mchezaji mweusi hakaribishwi, hakuna mchezaji wa Packers atakayeingia. Willie Davis, Herb Adderley, Willie Wood na Dave Robinson wote walicheza chini yake na wote wako kwenye ukumbi wa magwiji wa mchezo huo.

Lombardi alifariki kwa saratani tarehe 3 Septemba 1970. Ligi ikalipa kombe jina lake.

"Ice Bowl" ni mchezo gani?

Fainali ya NFL ya tarehe 31 Desemba 1967, Packers dhidi ya Dallas Cowboys, nyumbani Green Bay. Asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 25 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Lombardi alikuwa ameweka nyaya za umeme chini ya nyasi ili ardhi isigande. Mfumo ulishindwa siku ile, unyevu uliokuwa juu ya udongo ukageuka barafu, na uwanja ukawa mgumu kama sakafu. Filimbi za waamuzi ziliganda, wakalazimika kuendesha mchezo kwa sauti. Bendi haikupiga wakati wa mapumziko kwa sababu vyombo viliganda. Watu 50,000 walibaki kwenye viti vyao.

Packers waliongoza 14-0, kisha Cowboys wakageuza na kuongoza 17-14. Zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 50, Packers walikuwa na mpira na yadi 68 mbele yao. Waliusogeza hatua kwa hatua hadi mpira ukawa chini ya yadi moja kutoka mstari wa kufungia. Donny Anderson alijaribu mara mbili, akateleza. Sekunde 16 zimebaki, na hawana tena haki ya kusimamisha saa. Bart Starr, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira), alikwenda kando kuzungumza na Lombardi. Teke la karibu la pointi tatu lingesawazisha, lakini walikubaliana kusaka ushindi. Starr akaona kama wakimbiaji wanateleza, heri aingie mwenyewe. Kramer alimsukuma Jethro Pugh, Starr akapita nyuma yake akiwa na mpira. Packers 21, Cowboys 17.

Baada ya Lombardi nini kilitokea?

Ukame. Kuanzia 1968 hadi 1991 waliingia michezo ya mtoano mara mbili tu, 1972 na 1982. Uamuzi mbaya kuliko yote ni wa 1974: kocha Dan Devine alitoa haki tano za kuchagua wachezaji chipukizi ili kumpata kwotabeki John Hadl, mwenye umri wa miaka 34, kutoka Los Angeles Rams. Klabu ilichukua miaka kuziba pengo hilo. Hata hivyo uwanja uliendelea kujaa.

Favre, Rodgers na Love: kwa nini Green Bay inajulikana kwa makwotabeki?

Mwaka 1992 meneja mkuu Ron Wolf alimtoa Brett Favre Atlanta Falcons, alikokuwa akikaa benchi. Kuanzia Septemba ile alianza michezo 253 mfululizo akiwa na Packers, akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, na Januari 1997 akatwaa Super Bowl dhidi ya New England Patriots, 35-21. Reggie White alikuwa nguzo ya ulinzi. Kusajiliwa kwake 1993 kulibadili fikra za wachezaji weusi waliodhani Green Bay si mahali pao.

Mwaka 2005 walimchagua Aaron Rodgers wakati Favre bado anacheza. Alikaa benchi misimu mitatu, akaanza 2008, akabeba Super Bowl Februari 2011 kwa kuifunga Pittsburgh Steelers 31-25, na akawa mchezaji bora mara nne. Mwaka 2020 wakarudia: wakamchagua Jordan Love, Rodgers akiwa bado na nguvu, na 2023 wakamwachia aende New York Jets. Mashabiki walinung'unika mara zote mbili. Nadhani klabu ilikuwa sahihi mara zote mbili, na ilithubutu kwa sababu hakuna mwenye mali anayetaka kombe kabla hajafa.

Uwanja wao una umri gani?

Ulifunguliwa Septemba 1957 kwa ushindi wa 21-17 dhidi ya Chicago Bears, ukiwa na viti 32,000 hivi. Leo vinapita 81,000. Ulipewa jina la Lambeau Field mwaka 1965, baada ya mwanzilishi kufariki. Ni mali ya mji, na wananchi waliujenga kwa kura: 1956 walikubali mji ukope, na mwaka 2000 wakazi wa kaunti ya Brown walipitisha kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola ili ukarabatiwe. Kodi hiyo ilikoma 2015.

Tiketi za msimu zimeisha tangu 1960. Wanaosubiri ni zaidi ya 140,000. Watoto huandikishwa wakizaliwa, na tiketi hurithishwa ndani ya familia. Theluji ikianguka kabla ya mchezo, klabu hutangaza kibarua na watu wa mji hufika alfajiri kuzoa theluji kwenye majukwaa kwa malipo.

Wachezaji wakubwa wanaoonekana kwenye baiskeli za watoto ni nini kile?

Ni desturi ya tangu enzi za Lombardi. Wakati wa kambi ya mazoezi, watoto hupanga baiskeli zao nje ya uwanja. Mchezaji huchagua moja na kuiendesha hadi uwanja wa mazoezi, magoti yakigusa usukani, huku mwenye baiskeli akikimbia pembeni amembebea kofia yake ngumu. Baadhi ya watoto na wachezaji hupatana na kukutana kila siku kwa kambi nzima. Ukiniuliza klabu ya wananchi inaonekanaje kwa macho, ni hapo.

Na zile kofia za jibini?

Wisconsin ni jimbo la maziwa. Watu wa Illinois walilitumia jina la vichwa vya jibini kama tusi. Mwaka 1987 Ralph Bruno alikata kipande cha sponji ya kochi, akakipaka rangi na kukivaa kwenye mchezo wa besiboli Milwaukee. Mwaka 2023 Packers walinunua kampuni yake.

Uhasama na Chicago Bears ulianza lini?

1921, na wamekutana zaidi ya mara 200. Lakini kumbuka hili: kabla ya kura ya uwanja ya 1956, George Halas, mmiliki na kocha wa Bears, alisafiri hadi Green Bay kuwahimiza wakazi wapige kura ya ndiyo. Alijua ligi inawahitaji.

Wana mataji mangapi?

13, mengi kuliko klabu yoyote ya NFL. Kati ya hayo, 4 ni Super Bowl. Ndio pekee waliotwaa ubingwa mara tatu mfululizo, nao wamefanya hivyo mara mbili: 1929 hadi 1931, na 1965 hadi 1967.

Wamewahi kucheza nje ya Marekani?

Kwa michezo ya ligi, London mwaka 2022, wakafungwa na New York Giants 27-22, na São Paulo 2024, wakafungwa na Philadelphia Eagles 34-29. Kati ya klabu zote 32, wao walikuwa wa mwisho kwenda London. Hawakutaka kutoa sadaka mchezo wa nyumbani, kwa kuwa mji mzima hutegemea wageni wa siku hizo.

Nitawatazama saa ngapi nikiwa Afrika Mashariki?

Mchezo wa Jumapili mchana huanza saa 2 usiku kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam, na kuanzia Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa nyuma, huanza saa 3 usiku. Michezo ya usiku kwao ni alfajiri ya Jumatatu kwetu. Muscat ongeza saa moja, Bujumbura na Lubumbashi punguza moja.

Naweza kununua hisa leo?

Hapana, hadi klabu itangaze mauzo mapya, na imefanya hivyo mara sita tu tangu 1923. Hisa iliyopo hairuhusiwi kuuzwa mtandaoni, kwa hiyo anayekuuzia ni tapeli. Njia iliyobaki ni kupewa zawadi au kurithi kutoka kwa ndugu wa karibu aliye nayo.